Kupiga kindi wa nyika South Dakota: tumlipe mwongozaji au twende wenyewe?

Baba Riziki (Des Moines, Iowa)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Kazini kwetu, zamu ya usiku, kuna Mmarekani mmoja mtu mzima ambaye kila mwaka akirudi likizo anakuja na stori za wanyama wanaitwa prairie dog. Kwa asiyewajua: jina linasema mbwa kwa sababu wanabweka, lakini ni ukoo wa kindi. Wanaishi kwenye mashimo, maelfu kwa maelfu, wanasimama wima mdomoni mwa shimo kama walinzi wa benki. Humu nitawaita kindi wa nyika. Wafugaji wa huko hawawapendi kwa sababu ya nyasi, kwa hiyo watu wanaruhusiwa kwenda kuwapiga.

Tuko watatu. Mimi nina grini kadi, shemeji yangu ni raia, na kuna mdogo wake yuko kwa viza ya mwanafunzi. Bunduki tunazo mbili: .223 yangu na .22 ndogo ya shemeji (hizo namba ni saizi ya risasi). Tunafikiria wiki ya tatu ya Juni, siku mbili za kupiga, na bajeti ya watu wote isizidi dola 1,500. Mwongozaji mmoja ametuambia dola 300 kwa kichwa kwa siku. Hapo bajeti imekwisha kabla sijaweka mafuta.

Maswali: kuna ulazima wa mwongozaji? Na niseme wazi lingine linalonisumbua: watu weusi watatu na bunduki, shambani kwa mtu, mahali ambapo hatujulikani. Mke wangu hilo ndilo aliloliuliza la kwanza.

Kijana wa Kitale

Yaani uendeshe maili zaidi ya 550 kwenda kupiga panya buku? Njoo kwa shamba la babu, fuko wako bure, na chai utapewa.

Mshambaa wa Rapid

Baba Riziki, karibu. Mimi ni dereva wa lori, makao Rapid City mwaka wa tisa huu, nyumbani Soni, Lushoto. Nimekwenda kupiga hao kindi mara sita au saba. Ya kwanza nilikwenda mwenyewe, ya pili na mwongozaji, zilizobaki mwenyewe tena. Makosa ya pande zote mbili ninayo.

Nianze na kijana wa viza, maana hapo hamna mchezo. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki bunduki au risasi, hata kuishika tu. Upo mlango mdogo: akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo, anatoka kwenye katazo hilo. Sasa angalieni mtego ulipo. Watu watawaambia nendeni Wyoming, kule kindi hawa hawadai leseni kabisa. Kweli hawadai. Lakini kwa kijana wenu leseni ndiyo kinga yake, kwa hiyo mahali pasipo na leseni ndipo atakapoharibikiwa. Mpaka aongee na mwanasheria wa uhamiaji, mpeni darubini awe msoma upepo, awaambie nyie upepo unavyopeleka risasi. Ni kazi nzuri na haimfukuzishi nchini.

South Dakota leseni inatakiwa, kuna ile ya wanyama waharibifu, mnainunua kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo, Game, Fish and Parks. Kwenye ardhi ya mtu binafsi, kwa ruhusa yake, mnapiga mwaka mzima. Kwenye ardhi ya umma kunafungwa kuanzia 1 Machi hadi 14 Juni, wakati wa kuzaa. Wiki yenu ya tatu ya Juni iko salama. Mkiingia ardhi za makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, Rosebud, Pine Ridge, Cheyenne River, Lower Brule, karatasi ya jimbo haiwatoshi. Wao wana leseni zao na masharti yao, mnauliza ofisi ya kabila kabla ya kufika.

Safari yangu ya kwanza sasa. Nilifungua ramani kwenye simu nikaona eneo kubwa limeandikwa Buffalo Gap National Grassland. Ardhi ya umma, nikasema mwongozaji wa nini? Nikatoka asubuhi, nikashuka kusini ya Wall, nikafika bonde la Conata. Jamani, kindi mpaka macho yanauma. Nashusha meza ya kupigia bunduki, naona kibao: hairuhusiwi kupiga. Kumbe pale wanalindwa kwa ajili ya kicheche mwenye miguu myeusi, ambaye chakula chake ni hao hao kindi. Huyo kicheche watu walishadhani ameisha duniani, mpaka mwaka 1981 mbwa wa mfugaji mmoja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipompelekea bwana wake mzoga. Waliobaki wakakusanywa, wakazalishwa, na wengine wakarudishwa Conata mwaka 1996. Nikafunga meza yangu.

Nikasogea, nikaona wengine wengi zaidi kando ya barabara ya changarawe, watalii wamesimamisha magari wanapiga picha. Hiyo ni Roberts Prairie Dog Town, ndani ya hifadhi ya Badlands. Pale hata bunduki usiitoe kwenye mfuko.

Mahali pa tatu palikuwa halali. Mashimo mia kwa mia, lakini kimya. Nyasi zimeshaanza kuota midomoni mwa mashimo. Nikakaa saa nzima kwenye meza kama mwuza karanga asiye na wateja. Jioni ikanyesha mvua ya nusu saa. Udongo wa kule wanauita gambo, na ukilowa unashika tairi mpaka tairi inakuwa donati. Nililala kwenye pikapu. Asubuhi mzee mmoja akanivuta kwa trekta, akakataa hela, akaniuliza kama nimekula. Risasi nilizopiga siku ile ni tano, zote kwenye boksi la kurekebishia darubini ya bunduki.

Ya pili nikalipa. Mwongozaji akasema tukutane ranchi, karibu na Philip, saa kumi na mbili asubuhi. Nililala Murdo, nikaamka usiku, nikafika kwa wakati kabisa. Taa zote zimezimwa, mbwa wananibwekea, mzee anatoka na tochi anauliza mimi nani. Saa ya Murdo na saa ya Philip zimepishana, ukienda magharibi unarudi nyuma saa moja. Kwa hiyo nilikuwa uani kwa watu saa kumi na moja alfajiri, giza, nina bunduki mbili kwenye gari. Nilishusha vioo vyote viwili, mikono juu ya usukani, nikajitambulisha kwa sauti ya mwalimu wa madrasa. Tumekuja kucheka baadaye, sana. Wakati ule sikucheka. Nyie mnatoka mashariki ya mpaka huo wa saa kama nilivyotoka mimi siku ile, kwa hiyo kila mkiahidiana na mtu muulizeni, saa ya upande gani?

Nilichojifunza kwa yule mwongozaji ni kwamba unamlipa kwa ajili ya ardhi zaidi ya kitu kingine. Alikuwa na makubaliano na wafugaji watatu, anajua kijiji kipi cha kindi kimepigwa wiki iliyopita na kipi kimepumzika. Kindi waliopigwa juzi ukifungua mlango wa gari tu wanazama. Alikuwa na meza inayozunguka, turubai la kivuli, pipa la maji, na bunduki ya akiba ya .17 HMR (risasi nyembamba kuliko ya .22) ambayo sikuijua, nikaipenda. Akanifundisha kuanza na walio karibu kwa bunduki ndogo, halafu .223 kwa yadi 150, 200, 250. Kutoka hapo kwenda mbele upepo ndio bosi. Mnyama mwenyewe hafiki kilo moja na nusu, na upepo wa South Dakota haupumziki hata siku ya Jumapili. Mtutu ukipata moto kiasi cha kushindwa kuugusa, uweke chini, chukua nyingine. Kwa hiyo bunduki mbili mlizo nazo ni sawa kabisa, msikope ya tatu.

Shemeji wa .22, nisikilize. Ile risasi ndogo yenye ncha ya mviringo ikigonga ardhi ngumu inaruka, unaisikia inalia inakwenda zake. Usipige mnyama aliye juu ya kilima ukiona mbingu nyuma yake. Subiri mwenye udongo nyuma. Ng'ombe wakiingia kwenye kijiji, mmemaliza, kunyweni soda mpaka waondoke. Na ukiona ndege mdogo wa miguu mirefu amesimama mlangoni mwa shimo anakutazama, huyo ni bundi wa mashimoni, analindwa na sheria. Kwa mbali na joto linalocheza anafanana na kindi mtoto, nusura nimpige mara moja.

Ushauri wangu: siku ya kwanza mwongozaji, nyie wawili mnaopiga, dola 600. Mwulize kama kijana atalipishwa kwa kukaa na darubini, wengine hawalipishi. Siku ya pili nendeni wenyewe kwa mfugaji mliyempata kwa simu kabla hamjatoka Iowa. Wengi hutoza kitu kidogo, mimi nimelipa dola 50 kwa mtu, pengine mia. Ila wafugaji wa mwongozaji msiwazunguke nyuma ya mgongo wake, hiyo si uungwana na kule kila mtu ni shangazi wa mwenzake. Msisahau kumwuliza mfugaji swali moja: waliwekewa sumu? Wengi huweka shayiri yenye zinki fosfidi, na kijiji cha mwaka jana mwaka huu kinaweza kuwa makaburi. Pengine ndicho kilinikuta mimi.

Kuhusu mke wako na swali lake. Ana haki. Sitakwambia hakuna kitu. Mimi nafanya hivi: napiga simu siku moja kabla, nataja gari langu, rangi, namba, tuko wangapi. Nikifika napita nyumbani kwanza, mikono mitupu, bunduki zimefungwa nyuma. Nasalimia, naulizia mvua. Kule mvua ni kama kwetu kuulizia shamba, usipoiulizia huna adabu. Mara mbili majirani wamesimamisha gari kuniuliza nafanya nini pale, nikataja jina la mwenye ranchi, wakaendelea. Sijui kama mzungu wangemuuliza. Siku ya kwanza na mwongozaji inasaidia hapo pia, anakupitisha mjini, watu wanakuona.

Mama Tumaini (Minneapolis)

Samahani kaka, mimi ni wa Nakuru, na kwetu uwindaji umefungwa tangu 1977, kwa hiyo labda ni malezi. Mnaendesha siku nzima, mnaua, hamli, mnaacha pale. Hata babu zangu Wakalenjin waliowinda walikula. Kama ni nyasi, si huyo mfugaji amalize shida yake? Na wewe mwenyewe umesema kuna mnyama aliyekaribia kuisha, ambaye chakula chake ni hao hao mnaowaua.

Mshambaa wa Rapid

Dada, hujakosea, na sitajifanya sijawahi kuwaza hivyo. Siku ile na mwongozaji nilipiga risasi zaidi ya 200. Jioni tukipanga vitu garini nilisikia mkono mzito, na si kwa sababu ya bunduki. Baba yangu mdogo alikuwa askari wa wanyamapori pori la Rungwa. Alikuwa anasema mgeni wa uwindaji anakuja na kibali kimeandikwa mnyama gani na wangapi, na mwindaji bingwa yuko begani kwake mwanzo mwisho, akijeruhi amejeruhi, amehesabiwa. Huku nikaambiwa piga mpaka uchoke. Sikulizoea.

Nilichofanya ni kupunguza. Sasa hivi ninakwenda kwa yule mzee wa trekta. Ana kipande karibu na zizi la ndama asichotaka kuweka sumu kwa sababu ya mbwa wake na tai. Napiga pale asubuhi, masaa mawili, narudi. Kijiji kikubwa alichonacho ng'ambo ya korongo sikigusi, na yeye hataki kiguswe, anasema mkewe anapenda kuwasikia. Natumia risasi zisizo na madini ya risasi nikizipata, maana tai na mwewe wanakuja kula mizoga, na vipande vile vya risasi ni sumu kwao. Ni ghali kidogo. Mwingine atafanya vyake, sina mamlaka.

Ila kwamba mfugaji amalize shida yake: dada, anaimaliza kwa sumu. Kati ya sumu na mimi, sijui kindi angechagua nini.

Bunia Kwetu

Mimi nauliza tu, hawa hawaliwi kweli? Kwetu Ituri kitu cha ukubwa huo kisingelala porini. Halafu nasikia wana ugonjwa, ni kweli ama ni hadithi za kuogopesha wageni?

Mshambaa wa Rapid

Ndugu wa Bunia, ugonjwa wenyewe wewe na mimi tunaufahamu kuliko hao Wamarekani. Ni tauni. Ile ile. Inabebwa na viroboto, inaingia kwenye kijiji cha kindi, inaweza kukimaliza chote kwa wiki chache. Conata iliingia mwaka 2008 na watu wa hifadhi wamekuwa wakipuliza unga wa kuua viroboto kwenye mashimo kwa ajili ya kuokoa wale vicheche.

Niliposoma hilo nilikaa kimya. Mimi nimezaliwa Lushoto, tauni ilikuwa kwetu toka 1980, nimekua nayo. Mtoto wa Soni aliambiwa mapema: ukiona panya wanakufa ovyo ndani usiguse, usirushe, kamwite mkubwa. Wahudumu wa afya walikuja nyumba kwa nyumba kupuliza dawa, tunakohoa, mama anafunika vyungu. Nimevuka bahari, nimekuja kukaa kwenye nyasi za watu, nikakutana na mashimo yaliyonyamaza na kichwa kikaniambia kitu kile kile alichoniambia bibi. Kwenye safari yangu ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Leo nikikuta kijiji kimenyamaza na hakuna aliyeweka sumu, siingii hata kuchungulia.

Kwa hiyo kuliwa, hapana. Uliowapiga usiwaokote, usiwageuze upige nao picha. Dawa ya wadudu kwenye viatu na suruali, suruali ndani ya soksi hata kama unaonekana mshamba. Mbwa wa nyumbani abaki nyumbani. Ukirudi ukapata homa na uvimbe kwenye kinena au kwapani, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikuwa wapi na ulifanya nini, usimwachie abahatishe. Ikiwahiwa inatibika kwa antibayotiki.

Halafu nyoka wa njuga wanalala kwenye mashimo hayo hayo. Usitie mkono. Usikae chini bila kutazama. Nimemwona mmoja tu miaka yote, alitosha.

Baba Riziki (Des Moines, Iowa)

Mzee, umenipa zaidi ya nilichoomba. Kijana wa viza nimemsomea, amenuna kisha amekubali kuwa mtu wa darubini. Jana nimepiga simu ranchi nne. Wawili hawakupokea, mmoja kasema ameweka sumu Oktoba hakuna kilichobaki, wa nne ni mama mmoja ana sauti kali, kaniuliza tunatoka wapi. Nikasema Iowa. Akasema hapana, *mnatoka* wapi. Nikasema Kigoma. Kimya. Halafu akauliza Kigoma mvua ikoje. Nikakumbuka maneno yako nikacheka peke yangu. Dola 60 kwa siku kwa gari zima, tufike Jumamosi.

Risasi nichukue ngapi? Za .223 si rahisi, nahesabu vidole.

Mshambaa wa Rapid

Gari zima dola 60! Usimtangaze huyo mama humu.

Mia moja na hamsini za .223 kwa siku mbili na boksi moja kubwa la .22, inatosha kabisa kwa watu wenye akili. Zikibaki zitaliwa na karatasi huko Des Moines. Vifuniko vya masikio vitatu, na msoma upepo avae pia. Maji galoni mbili kwa mtu kwa siku, mimi nasema mbili, yule wa kazini atakwambia moja. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa joto likipanda kindi wenyewe wanashuka chini, laleni nyie pia. Mkiona wingu jeusi magharibi, ondokeni kwenye njia ya udongo kabla tone la kwanza halijaanguka, usisubiri kumaliza boksi.

Na mageti. Ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi. Ng'ombe wa watu wanafuata maji kupitia hapo. Mengine ni ya seng'enge na fito, yana kitanzi juu kinachobana sana, na mtu wa kulifungua ni yule anayekaa kiti cha pembeni. Mpangieni mwanafunzi.

Mkipita Rapid nipigieni, namba nakutumia pembeni. Saa ya huku, lakini.